Mama Halafu na Sala ya Mlango wa Nyuma

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mlezi mkuu wa viongozi katika kituo chetu cha mafunzo ya kanisa atafunga kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja. Tunaandika "atafunga" bila wasiwasi, lakini mwezi Februari hakuna mtu ambaye angethubutu kuliandika neno hilo. Bodi ilikuwa imemwongezea miaka miwili, mwenyewe alikuwa ameipokea kwa mikono miwili, na msaidizi wake, aliyeandaliwa muda mrefu kushika nafasi hiyo, alikuwa ameanza kuangalia kwingine. Namna tulivyotoka huko hadi kwenye sherehe ya Ijumaa ni habari ya kusimuliwa, nami mratibu wa kozi, mlezi wa akiba na mhariri wa jarida hili nimeruhusiwa kuisimulia na wote inaowahusu. Lakini wasifu una adabu zake, kwa hiyo tuanze mwanzo.

Alifika hapa akiwa mwalimu wa utawala wa kanisa. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wachungaji, makatibu na wazee wa kanisa kuendesha vikao visivyokesha na kuandika kumbukumbu zinazosomeka. Darasani alikuwa mkali, na wapo wachungaji ambao hadi leo wakiandika "mengineyo" kwenye ajenda mkono unasita. Kilichomshangaza ni kile kilichotokea baada ya kipindi. Wanafunzi wake, watu wazima wenye heshima zao, hawakuwa na haraka ya kutoka. Huyu anatafuta kalamu iliyo mfukoni mwake, yule anafunga na kufungua mkoba, na darasa likishabaki tupu mmoja anasogea mezani na kusema kwamba ana rafiki yake mwenye shida. Hao marafiki walikuwa wengi ajabu. Kulikuwa na rafiki asiyesemezana na mweka hazina wake, rafiki ambaye mkewe amechoka kupokea wageni, na rafiki anayehubiri imani kila Jumapili huku usiku usingizi haumjii.

Ndipo akaomba chumba. Alipewa stoo ya viti vibovu, katikati ya ofisi ya mhasibu na kamba za kuanikia mashuka ya hosteli. Chumba chenyewe kilibaki hivyo hivyo hadi juzi juzi: viti viwili vyenye mito ya kijani, meza ndogo ya birika, na dirisha linalotazama mashuka. Saa ya ukutani aliitoa siku ya kwanza, baada ya kugundua kwamba wachungaji wakikaa chini ya saa huzungumza na saa.

Kazi hiyo mpya haikuwa na jina. Tangazo letu la kwanza lilisema tunaye "kocha wa viongozi", na kesho yake alfajiri alijitokeza getini bwana mmoja amevaa njumu na soksi za magotini, akitaka kujua mazoezi yanaanza saa ngapi. Mama, kama tulivyozoea kumwita, alimkaribisha chai. Walizungumza saa nzima, na bwana yule ndiye mwenyekiti wa vijana katika kanisa lake sasa, jambo ambalo mwenyewe anasema halikuwa kwenye mipango yake. Baada ya hapo tuliafikiana kuiita kazi hiyo malezi, na anayeifanya mlezi.

Alipelekwa kozi, akarudi na jambo ambalo nusura litukoseshe wateja wote. Alirudi akisema mlezi hatoi ushauri. Mlezi anauliza, anasikiliza, na anamwachia kiongozi alifikie jibu lake mwenyewe mbele za Mungu wake. Tulimwangalia tu. Mtu ametoka safari ya kutwa nzima kuja kwa mama mtu mzima ili aambiwe la kufanya, halafu mama mtu mzima amkunjie mikono na kumuuliza yeye anaonaje? Mchungaji wa kwanza kupewa malezi ya namna hiyo alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi kulalamika kwamba amekuja kuchota maji akapewa ndoo tupu. Mwezi uliofuata alirudi, na aliuliza kama anaweza kuja na mwenzake.

Jina la Mama Halafu lilitokana na hapo. Mtu alikuwa anaeleza kwamba amemwandikia katibu wake barua kali. Mama anauliza, halafu? Katibu hakujibu. Halafu? Nikamtaja kwenye mahubiri, ila si kwa jina. Halafu? Kila mtu akamjua. Halafu? Hapo msemaji hunyamaza, hutazama mashuka, na kazi huanza. Wajukuu zake nao humwita hivyo hivyo, na hakuna aliyewafundisha.

Shida ikabaki moja, nayo ni sala. Kwa desturi yetu kila kikao hufungwa kwa sala, na aliyekuwa akifunga ni mlezi. Sasa mtu aliyebana ushauri kifuani saa nzima, ukimwambia afumbe macho na kuomba, unategemea nini? Ushauri wote ulimwagikia humo. Tulikuwa tunaomba kwamba Bwana amsaidie mtumishi wake aone umuhimu wa kumwomba radhi mweka hazina kabla ya Jumapili, na ikimpendeza amtoe shemeji yake kwenye kamati ya ujenzi. Walezi wote tulikuwa na ugonjwa huo, na Mama, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anajibana kuliko sisi, sala zake ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zetu. Hadi siku moja mchungaji mmoja mpole alipofumbua macho katikati ya maombi.

"Mama, samahani," akasema. "Hapo unamwambia Mungu au unaniambia mimi?"

Mama alicheka hadi mhasibu akagonga ukuta. Lakini jioni ile ile alituita walezi wote na kanuni ikatungwa: anayelelewa ndiye anayefunga kwa sala, anajiombea mwenyewe, na mlezi anaitikia amina basi. Ile ya zamani tukaibandika jina la sala ya mlango wa nyuma. Mlezi mpya akija hapa huambiwa kanuni hiyo kabla ya kuonyeshwa choo kilipo.

Mambo aliyoyafanya tangu wakati huo hayatoshi katika kurasa hizi. Kila mchungaji mpya sasa hupewa mlezi kwa miaka yake mitatu ya mwanzo, na hilo lilipitishwa baada ya yeye kulisimamia katika vikao ambavyo wengine tulishakata tamaa. Wake wa wachungaji nao wana saa zao, kwa sababu alikataa katakata kumlea mume huku mke akingoja kwenye benchi. Yupo askofu mmoja, mstaafu sasa, aliyeketi kwenye kiti cha mto wa kijani, akafumba macho ili atafakari swali, na akasinzia. Mama hakumwamsha. Alikaa naye saa nzima, akimfukuzia nzi. Askofu alipoamka alisema ni miaka mingi hajalala bila mtu kumngoja mlangoni, na wiki hiyo akaomba likizo aliyokuwa akiiahirisha tangu alipowekwa wakfu.

Kisha ipo Wiki ya Kukabidhi, kozi aliyoibuni kwa viongozi wanaokaribia kuondoka madarakani. Wengi mnaijua. Ndiyo ile ambayo mwenyekiti mmoja wa kamati alisimama siku ya mwisho, akatoa ushuhuda wa machozi kwamba amekabidhi funguo zote za kanisa, na mkewe akanyoosha mkono kuuliza habari za nakala zilizo kabatini. Mama aliifundisha kozi hiyo mwaka baada ya mwaka. Aliwauliza viongozi hao wataamka vipi siku ya kwanza wasipokuwa na cheo, na hakumruhusu mtu kujibu kwamba atafuga kuku, maana alisema hilo ni jibu la kumnyamazisha mwulizaji.

Kwa upande wa mapungufu, tuseme kwa upendo tu. Hajui kuegesha gari, na gari lake dogo huchukua nafasi ya mawili huku likiwa limeinama. Haimbi, na kwaya ya wafanyakazi ilimwomba kwa adabu awe mlezi wa kwaya badala ya mwanakwaya. Pia maswali yake hayana mipaka. Mumewe, fundi saa ambaye wengine wetu tunamwita shemeji, aliweka sharti zamani kwamba maswali yaishie mlangoni, baada ya siku moja kuulizwa anajisikiaje kuhusu chumvi kwenye mboga. Shemeji alijibu kwamba hajisikii, anataka maji.

Sasa turudi Februari. Mwenyekiti wa bodi, ambaye yeye mwenyewe amelelewa katika chumba kile, alisimama kwenye kikao na kusema hawezi kukifikiria kituo bila Mama. Akapendekeza miaka miwili ya nyongeza. Bodi nzima ilipiga makofi, nasi tulioalikwa tukapiga. Mama alisimama akashukuru, uso unang'aa. Mwanzilishi wa Wiki ya Kukabidhi hakukiona kichekesho kilichokuwamo, na sisi wengine hatukukiona vilevile. Msaidizi wake naye alipiga makofi, kisha akaingia jikoni na kuanza kuosha vikombe ambavyo vilishaoshwa.

Msaidizi huyo ni mwalimu mkuu wa zamani wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache, aliyekuja hapa kwanza kulelewa na akabaki kulea. Wateja humpenda kwa sababu akinyamaza ananyamaza kweli. Kwa miaka kadhaa aliambiwa, na Mama na sisi sote, kwamba chumba kile kitakuwa chake. Wiki moja baada ya kikao cha bodi aliniomba niwe mtu wa kuulizwa habari zake katika kazi aliyokuwa ameitiwa, kuongoza idara ya kuwatunza wafanyakazi katika hospitali moja. Walitaka jibu kabla Machi haijaisha. Nilimuuliza kama Mama anajua, akasema hapana, na akaniomba nisiwe mimi wa kumwambia. Nilikaa na jambo hilo kwa taabu, maana walezi wengine wawili tulionao ni wapya. Msaidizi akiondoka, na Mama naye akafikia mwisho wa nyongeza yake, chumba kingerudi kuwa stoo ya viti.

Hapo ndipo desturi nyingine ya kituo ikaingia kazini. Kila baada ya miezi mitatu mlezi naye hulelewa, ili asije akasahau inavyokuwa kukaa kwenye kile kiti kingine, na tunaleana wenyewe kwa wenyewe kwa zamu. Zamu ya Machi ilimwangukia msaidizi kumlea Mama. Nilijitolea kubadilishana naye. Alifikiri kidogo, akasema zamu ni zamu.

Yanayosemwa chumbani hubaki chumbani, na haya yanayofuata nimepewa na wawili hao, kila mmoja kwa wakati wake. Maelezo yao yanalingana isipokuwa sehemu moja nitakayoitaja.

Mama aliingia amechangamka, na jambo aliloleta lilikuwa namna ya kuitumia vizuri miaka yake miwili. Alikuwa na mipango: mtaala mpya, ziara za makanisa ya mbali, rangi mpya ukutani. Msaidizi alisikiliza yote. Akauliza ni lipi kati ya hayo ambalo lisingefanyika kama lingeachiwa mtu mwingine. Mama akasema yote yangefanyika, ila si hivi. Msaidizi akauliza "hivi" maana yake nini, na Mama akazungumza kwa muda, huku sauti ikipungua kasi. Kisha msaidizi akauliza swali ambalo Mama amewauliza mamia ya viongozi, yaani angeamka vipi asubuhi ya tarehe mosi Julai kama hiyo nyongeza isingekuwepo.

Mama aliligeukia dirisha. Alitazama mashuka. Aliinua macho ukutani kutafuta saa ambayo yeye mwenyewe aliiondoa, akasema muda umekwisha na afadhali wafunge. Na kwa kuwa anayelelewa ndiye anayefunga, akafumba macho na kuanza kuomba. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mwanawe huyu wa kiroho aliyeketi mbele yake. Aliomba apewe subira. Aliomba aonyeshwe kwamba miaka miwili si mingi kwa mtu ambaye bado ana nguvu, na kwamba mambo mema hayana haraka.

Msaidizi alifumbua macho. Alikuwa na mengi ya kusema saa ile, na wengi wetu tungeyasema. Alisema neno moja, kwa sauti ya chini.

"Mama, jiombee wewe."

Huko nje mfuaji alikuwa anaanua mashuka, na dirisha likawa linapata mwanga kidogo kidogo. Kisha Mama akaanza upya, na sala yake yote ilikuwa hii.

"Bwana, naogopa kukaa nyumbani. Sijui mimi ni nani nisipokuwa humu."

Msaidizi akaitikia amina, kama kanuni inavyosema, na hakuongeza kitu. Hapa ndipo maelezo yanapotofautiana: Mama anasema alilia kidogo, msaidizi anasema haikuwa kidogo.

Jioni hiyo Mama alimwambia mumewe alichokiomba. Shemeji aliweka chini bisibisi yake ndogo, akamsikiliza hadi mwisho. Akasema naye anaogopa, tena zaidi, kwa kuwa sasa maswali yatakuwa ya kutwa nzima. Walicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Halafu wakakaa wakazungumza kwa makini, jambo ambalo shemeji anasema hawakuwa wamelifanya kwa muda mrefu kwa sababu Mama alikuwa akirudi ameshawasikiliza watu wote.

Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti wa bodi kuirudisha ile miaka miwili. Mwenyekiti alikataa. Alieleza habari za wafadhili, za makanisa, za walezi wapya wawili, na Mama akamwacha amalize zote. Kisha akamuuliza anaogopa nini. Mwenyekiti akakiri kwamba anaogopa siku atakayokwama na asiwe na mtu wa kumpigia. Mama akamwandikia namba ya simu ya msaidizi wake na kumwachia mezani.

Alipomwambia msaidizi kwamba chumba ni chake kuanzia Julai, ndipo msaidizi naye akafunua habari ya hospitali. Jibu lilikuwa linatakiwa wiki hiyo. Mama alishtuka. Alitaka kujua kwa nini mwenzake alikaa naye saa nzima, na jambo kubwa namna hiyo moyoni, na asilitaje hata kidogo.

"Kikao hakikuwa changu, Mama," msaidizi akamjibu.

Mama alinihadithia jibu hilo akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi yangu, mkoba mkononi. Alisema amefundisha walezi miaka yote hii, na siku hiyo ndiyo aliyoamini kwamba kazi imeshika. Nikajifanya natafuta faili. Msaidizi aliwaandikia hospitali kuwashukuru, na anabaki.

Isifikiriwe kwamba miezi mitatu iliyofuata ilikuwa laini. Mchungaji mmoja alisafiri kutoka mbali mwezi Mei, akampita msaidizi kwenye korido kama hamwoni, akaenda kumkumbatia Mama na kumwambia amekuja kwake tu. Mama alimpokea begi, akamshika mkono, akampeleka hadi mlango wa chumba kile, akamtambulisha, akafunga mlango na yeye akabaki nje. Baadaye nilimkuta uani anamsaidia mfuaji kukunja mashuka. Alikuwa anayakunja vibaya, na mfuaji, mwanamke mwenye heshima zake, alikuwa anayapokea na kuyakunja tena bila kusema. Nilimuuliza kama yuko salama. Alisema ni vigumu, kaka, ni vigumu kuliko alivyokuwa akiwaambia wale wa Wiki ya Kukabidhi, na anatamani angewaomba radhi wote. Nikashika pembe mbili za shuka tukaendelea. Mchungaji yule alipotoka, macho mekundu, alimuuliza msaidizi tarehe ya kikao kinachofuata.

Bodi ilimpa cheo cha mshauri wa heshima, akakikataa. Waliomba angalau aje siku moja kwa wiki, akakataa hilo pia, akasema atakuja siku za ibada ya wafanyakazi na atakaa nyuma. Msaidizi ameshahamishia vitabu vyake chumbani. Mito ameibadilisha, sasa ni ya njano, na Mama aliiona, akasema inapendeza. Tunaamini alisema kweli.

Dada yetu, Mama yetu, wachungaji, maaskofu, makatibu, wake zao na waume zao, na sisi tulioshiriki nawe birika lile lile, tunakushukuru. Umetusikiliza tulipokuwa hatujui tunachosema, ukatuacha tufike wenyewe hata tulipokusihi utubebe. Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na ratiba, afya ya magoti, wajukuu wenye kelele, na mume mwenye majibu. Tunajua hutafuga kuku. Ile asubuhi ya tarehe mosi Julai itakuja na hofu yake, nasi hatutakudanganya kwamba haitakuja. Sisi huku Jumatatu tutafika kazini saa mbili, tutapita mbele ya mlango wa chumba kile, na tutaogopa kama wewe. Nenda hivyo hivyo, dada. Tunabaki tukiogopa, na tunakuacha uende.